Louisville kando ya Mto Ohio: tuliyoyajua baada ya kulipa

Barua ya kwanza ya deni tuliyopokea Kentucky ilitoka darajani. Wakati huo hatukuwa na mazoea ya kufungua sanduku la barua. Bahasha za matangazo ya bima na pitsa zilikuwa nyingi, tukizitupa zote kwa mkupuo, na hiyo ikaenda nazo. Ya pili ikaja na nyongeza ya kuchelewa. Ndani mlikuwa na picha ya nyuma ya gari letu, namba zinasomeka, saa na dakika zimeandikwa. Mume wangu aliigeuzageuza ile karatasi, akasema, "Mbona hakuna mtu aliyetusimamisha?"

Hakuna anayesimamishwa. Louisville, mji wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, imekaa upande wa kusini wa Mto Ohio, ng'ambo ni jimbo la Indiana, na madaraja ya magari yako matano. Matatu yana ushuru: Kennedy na Lincoln, yanayokaa bega kwa bega katikati ya mji kwenye barabara kuu ya 65, na Lewis and Clark lililoko mashariki. Hakuna kibanda, hakuna kizuizi, hakuna wa kupokea pesa. Kamera inapiga picha namba ya gari, halafu bili inakufuata nyumbani. Ushuru ulipoanza mwisho wa 2016, mwenye stika ya kielektroniki kwenye kioo alilipa dola 2, na asiye na stika wala akaunti alilipa dola 4. Tangu hapo bei imekuwa ikipanda, na asiye na stika bado ndiye anayeumia zaidi. Sisi tulikuwa tunavuka kila Jumapili kwenda kusali Jeffersonville na watu wa kwetu, simu ikituongoza njia ya mkato. Piga hesabu mwenyewe.

Madaraja mawili ni ya bure: Clark Memorial, ambalo wenyeji hulitaja kwa Barabara ya Pili, na Sherman Minton upande wa magharibi. Ingia kwenye mipangilio ya ramani ya simu, chagua kukwepa barabara za kulipia. Kama kazi yako iko Indiana na huna namna, omba stika. Ile inayotumika kwenye madaraja haya tu hutolewa bure, wewe unaweka pesa kidogo kwenye akaunti. Na bahasha yenye picha ya gari usiitupe. Deni likilala sana unaweza kuzuiwa kuhuisha usajili wa gari, na bila gari Louisville ni mji mgumu. Mabasi yapo, lakini Jumapili utasubiri mpaka uimbe nyimbo zote za kwaya peke yako kituoni.

Ninaandika haya kwa ajili ya familia zilizoletwa Louisville kama sisi, na kwa ndugu walioko Indianapolis, Cincinnati na Nashville, ambao kila likizo ikikaribia hupiga simu kuuliza, "Huko kwenu kuna nini cha kuona?" Vipo vingi, na vilivyo vizuri zaidi havina kiingilio. Pesa yetu ilipotea njiani kuelekea huko, na kwenye mambo ambayo mtu angetuambia kwa dakika mbili tu.

Tulifika Januari kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mimi nimelelewa kambini Kigoma. Shirika lililotupokea likatupangia nyumba kusini mwa mji, mtaa ambao ukishuka ngazi unasikia Kihispania, Kisomali, Kinepali na Kiswahili kabla hujasikia Kiingereza. Mume wangu akapata kazi ya usiku kule uwanja wa ndege, kwenye vifurushi vinavyoshushwa saa sita usiku na kupakiwa tena kabla ya alfajiri. Mimi nikabaki na watoto na Baba. Njia tulizozijua zilikuwa za dukani, kliniki na kanisani.

Kutoka dirishani tulikuwa tunaona kilima chenye msitu. Watoto waliulizia kilima kile kila siku. Nikawaambia kina mwenyewe. Kambini kila msitu ulikuwa na mwenyewe. Mwanamke aliyetoka nje ya mpaka kuokota kuni angeweza kukamatwa, au kukutwa na mabaya zaidi. Na kilima hiki hakikuwa na ukuta wala bango la kukaribisha, na sikuwa nimemwona mtu mweusi akipanda huko kwa sababu, bila shaka, ilikuwa Januari na hakuna mtu wa rangi yoyote aliyekuwa akipanda.

Aliyetutoa ndani ni jirani yetu wa chini, mzee Mmarekani mweusi anayeendesha basi la shule. Aprili ilipoanza kupata joto akatuona tumekaa kwenye ngazi, akauliza kwa nini hatuwapeleki watoto Iroquois, bustani ya kilima kile. Nikamwuliza ni kiasi gani kuingia. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba bustani hizi zilichorwa na Frederick Law Olmsted, yuleyule wa Central Park ya New York, aliyeanza kazi hapa 1891. Tatu kubwa zina majina ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani: Iroquois kusini, Cherokee mashariki, Shawnee magharibi kando ya mto. Ila mwaka 1924 mji ulipitisha azimio la kutenganisha watu bustanini, na weusi wakabakiziwa viwanja vyao, kikubwa kikiwa Chickasaw, jirani na Shawnee. Shawnee waliipita tu. Ilibidi kwenda mahakamani, na ruhusa ya kuingia bustani zote ikapatikana 1955. "Mama yangu," akasema, "alikuwa anaijua nyasi ya Shawnee kwa macho." Kisha akaniambia niwavalishe watoto viatu twende.

Basi tukaenda. Iroquois ina zaidi ya ekari 700, na juu ya kilima pana mahali pa kusimama ukauona mji wote hadi majengo marefu ya kando ya mto. Kwa mwenye mzazi mtu mzima, jua kwamba barabara inayopanda hadi juu haifunguliwi magari kila siku, kwa hiyo tazama ratiba kabla, la sivyo utamwacha mzee chini akilinda mabegi. Kupe wapo, hasa Mei na Juni. Watoto wakirudi, wakague nyuma ya masikio na makwapani. Kuna pia mmea unaotambaa wenye majani matatumatatu, unaowasha na kutoa malengelenge wiki nzima. Mtoto wetu wa kati aliuchuma akanitengenezea shada.

Kuhusu mabanda yenye meza na majiko ya kuchomea nyama: yanaonekana ya bure, na siku nyingi ni ya bure kwa anayewahi. Lakini hukodishwa. Tulipokuwa na sherehe ya mpwa wangu kumaliza sekondari, vijana waliwahi asubuhi, wakawasha mkaa, mbuzi akawekwa motoni. Saa sita ikafika familia nyingine na karatasi yao ya malipo, na puto mia moja. Walikuwa na haki. Tulihamisha mbuzi akiwa nusu mbichi, masufuria ya pilau mikononi, mashangazi wamevaa vitenge vya sare, tukakatiza uwanja mzima huku watu wakitupisha. Wale wenye puto walituonea huruma wakatuletea barafu. Sherehe ya watu wengi, lipia banda mapema, na uulize pia kuhusu spika kubwa na pombe, maana vyote viwili vina masharti yake.

Nimeruka jambo, nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hili ndilo ningependa mashirika yote yanayopokea wageni yaliseme siku ya kwanza.

Kila Aprili, wiki kadhaa kabla ya mbio za farasi, Louisville inafanya tamasha la fataki mtoni linaloitwa Thunder Over Louisville. Ni miongoni mwa makubwa kabisa nchini. Kabla ya fataki kuna maonyesho ya ndege, zikiwemo za kivita. Wenyeji wanajua, wamebeba viti na juisi mapema kwenda kukaa kando ya mto. Sisi hatukujua. Uwanja wa ndege uko upande wetu wa mji, kwa hiyo zile ndege zilipita juu ya mapaa yetu tangu mchana. Baba alitoka nje, akatazama juu, akarudi ndani bila kusema neno, akaanza kufunga mfuko wake wa nyaraka. Mfuko ule ninaujua tangu nikiwa mtoto. Usiku ulipoingia na milipuko ikaanza, mama mmoja wa jengo la pili, aliyetoka Kivu miezi michache kabla yetu, aliwalaza watoto wake kwenye beseni la kuogea, akawafunika kwa godoro. Karibu nusu saa nzima ya milipuko. Simu zetu zilikuwa zinapigana: ni nini, ni nani, twende wapi? Mpaka kijana mmoja akatuma video ya moto ukimwagika kama maji kutoka darajani, na watu wakipiga makofi.

Sasa tunaanza kuambizana wiki mbili kabla. Mgeni anaonyeshwa video ya mwaka uliopita, na kama ana moyo mzito tunampeleka siku hiyo kwa ndugu nje ya mji. Walio tayari kwenda, waende mapema sana, kwa sababu barabara za karibu na mto hufungwa na daraja la Clark Memorial nalo hufungwa, maana fataki nyingine huwashwa kutoka hapo. Mambo hayohayo mjiandae nayo Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mama yule sasa anakwenda na thermosi ya chai. Baba hajawahi kwenda, na sijamwuliza tena.

Mbio zenyewe, Kentucky Derby, ni Jumamosi ya kwanza ya Mei pale Churchill Downs, tangu 1875. Siku hiyo usipange safari yoyote kusini mwa mji. Tiketi za maana ni za watu wenye pesa zao; sisi tuliona kofia za akina mama zikipita, na majirani wa kule wakikodisha nyua zao kwa maegesho, biashara ambayo mume wangu aliitazama kwa wivu mkubwa. Ukitaka kuuona uwanja, nenda siku ya kawaida, au ingia makumbusho yaliyoko langoni. Humo ndimo nilimojifunza kwamba katika mbio za kwanza wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baadaye ubaguzi ukawafukuza kwenye kazi ile, wakabaki kuonekana kwenye picha za zamani.

Sasa Baba na Ali.

Baba alikuwa kijana Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman raundi ya nane mjini Kinshasa. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa ili Wamarekani waone usiku wao. Kule Fizi ilikuwa saa kumi na moja, na kijiji kizima kilikuwa kimezunguka redio moja. Hadithi hii tumeisikia maisha yetu yote. Jinsi betri zilivyowekwa juani siku mbili. Jinsi padri alivyochelewesha misa. Kila akisimulia, raundi ya nane inakuwa ndefu zaidi.

Na huyu mzee alishuka ndege kwenye uwanja ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Muhammad Ali, akapita chini ya jina lenyewe, usiku, macho yamejaa usingizi, na hakuna aliyemwambia. Ni mjukuu wake aliyeleta habari kutoka shuleni: "Babu, Ali alizaliwa hapa." Baba aliweka kijiko chini. "Mmenileta mji wa Ali," alituambia mimi na mume wangu, "mkaninyamazia miezi mitano!"

Kwa hiyo tulitafuta. Kituo cha Muhammad Ali kiko katikati ya mji, karibu na mto, kilifunguliwa 2005. Ukiwa mbali, vigae vya ukuta wa nje vinaunda sura yake akiwa ulingoni. Ukisogea vinageuka rangi tupu, kwa hiyo piga picha ukiwa mbali. Ndani kuna kambi ya mazoezi iliyoigwa, na mfuko wa kupiga ngumi ambao watoto hawakutaka kuuacha. Kiingilio kwa familia kubwa si pesa ndogo. Hata hivyo, kama utalipia mahali pamoja tu Louisville, lipia hapa. Tengeni saa tatu. Baba alisimama mbele ya picha za Kinshasa akawaeleza wageni wengine, kwa Kiswahili, kila kitu kilichokuwa kinatokea. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja alimpa mkono.

Siku hiyo tulikuwa na rafiki yetu wa Mwanza aliyekuja kutoka Indianapolis, na yeye hakukubali Kongo ibebe sifa zote. Akakumbusha kwamba Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. "Foreman alidumu raundi nane," akasema, "kwa Mwalimu hata ulingoni hakupanda." Baba alimnunia mpaka jioni.

Kaburi la Ali liko Cave Hill, makaburi makubwa ya tangu 1848, yenye miti na vidimbwi. Kuingia ni bure. Ni makaburi kweli, si bustani ya kuchezea: mpira na chakula viacheni garini, na fikeni mapema, kwa kuwa malango hufungwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Jiwe lake lina maneno yake kwamba kuwahudumia wengine ndiyo kodi tunayolipia chumba chetu mbinguni. Mwanangu alimtafsiria babu yake. Baba, ambaye kila mwezi hushuhudia tunavyohangaikia kodi ya nyumba, aliuliza kama na huko wanapandisha kila mwaka. Wenye kupenda vya mtaani wanaweza pia kupita Grand Avenue, magharibi ya mji, kuona nyumba ndogo ya rangi ya waridi alikokulia. Ilikuwa makumbusho kwa muda, ikafungwa. Ukipita ukaiona kwa nje inatosha, watu wanaishi pande zote. Na lile daraja la bure la Clark Memorial ndilo linalotajwa katika hadithi kwamba alitupa mtoni medali yake ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya 1960 baada ya kukataliwa chakula mgahawani. Wapo waliomjua wanaosema ilipotea tu. Baba yuko upande wa mto.

Kando ya mto penyewe pana bustani ya Waterfront, ekari 85, iliyochukua mahali pa majumba chakavu na viwanja vya vyuma vikuukuu. Hapo ndipo ninapowapeleka wageni wote kwanza. Angalia tu hali ya mto kama ni kati ya Februari na Aprili: Ohio hupanda, na maegesho ya chini hugeuka maji. Mafuriko makubwa yasiyosahaulika yalikuwa Januari 1937, yalipofunika sehemu kubwa ya mji, na ndiyo sababu utaona ukuta wa kuzuia maji na malango ya chuma kwenye baadhi ya barabara.

Kutoka bustanini unapanda njia ya mzunguko hadi daraja la Big Four. Lilikuwa la reli, lilifunguliwa 1895, treni zikaacha kupita mwishoni mwa miaka ya 1960, likabaki limesimama bila kazi miaka zaidi ya arobaini, njia zake za kupandia zimekatwa pande zote. Upande wa Kentucky ulifunguliwa kwa waenda kwa miguu 2013, wa Indiana 2014. Sasa unavuka jimbo hadi jimbo kwa miguu, bila ushuru, bila kamera ya bili, usiku taa za rangi zinabadilika juu ya kichwa. Jeffersonville upande wa pili kuna aiskrimu. Upepo wa katikati ya mto usiudharau. Hata Oktoba beba sweta la mtoto.

Mara ya kwanza nilisimama katikati nikashindwa kuendelea. Nilipokuwa tumboni mama yangu alivushwa Tanganyika usiku kwa boti. Na chini yangu huu nao ulikuwa mto wa kuvuka: Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa, Indiana haikuwa. Pale bustanini kuna sanamu ya Abraham Lincoln amekaa juu ya jiwe akiutazama mto, kazi ya Ed Hamilton, mchongaji wa hapahapa, ya 2009. Mwaka 1841 Lincoln aliondoka Louisville kwa meli, na ndani akaona watumwa kumi au kumi na wawili wamefungwa minyororo pamoja. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba picha ile ilikuwa bado inamtesa. Hamilton huyohuyo alichonga sanamu ya York, iliyosimamishwa 2003 pale Belvedere, mbele kidogo. York alikuwa mtumwa wa William Clark, mmoja wa viongozi wa msafara wa kuchunguza nchi za magharibi, akatembea naye kuanzia 1803 hadi 1806 mpaka Bahari ya Pasifiki na kurudi. Wenzake walipewa ardhi na mshahara. Yeye alirudishwa kuwa mtumwa. Watoto wasipite pale bila kusomewa.

Gatini hapo kuna Belle of Louisville, meli ya mvuke yenye gurudumu kubwa nyuma, iliyojengwa 1914. Safari yake ni ya kulipia. Sisi tulipanda mara moja, tukafurahi, na siku nyingine tunakaa tu gatini kabla haijaondoka, wakati kinanda chake cha mvuke kinapopigwa kwa sauti inayofika ng'ambo, burudani ambayo haina tiketi. Baba alipoiona alisema neno moja: "Liemba." MV Liemba ya Kigoma ni rika lake, iliundwa Ujerumani 1913, ikasafirishwa kwa vipande hadi ziwani. Belle bado inaendeshwa na mvuke, Liemba ilishatiwa injini ya dizeli. Lakini Liemba imebeba watu waliokuwa wanakimbia kuokoa roho. Mwaka 2015 iliwatoa Warundi Kagunga kuwaleta Kigoma. Hii ya hapa inabeba harusi.

Kiangazi cha kwanza tulilipa viingilio kamili vya watoto kila mahali, mpaka mkutubi mmoja akamwuliza binti yangu kwa nini hana kadi. Maktaba za mji hutoa kila kiangazi kadi inayowaingiza watoto na vijana hadi miaka 21 bure katika makumbusho na vivutio vingi, mara moja kila mahali. Nenda tawi lolote mwanzoni mwa Juni, ulizia Cultural Pass. Orodha ya mahali hubadilika, kwa hiyo isome kabla ya kuwaahidi. Makumbusho ya sanaa ya Speed nayo huwa wazi bure Jumapili. Kiwanda cha magongo ya besiboli cha Louisville Slugger, chenye gongo la chuma la futi 120 limeegemea ukuta, kinawafaa wanaoujua mchezo. Sisi hatuujui, tulipiga picha nje tukaridhika. Ukipata nafasi, pita maktaba ya Western, iliyojengwa 1908. Ilikuwa ya kwanza nchini kuhudumia watu weusi na kuendeshwa na weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue. Humo nilipata meza, ukimya na intaneti wakati wa kujaza fomu zetu za makazi ya kudumu.

Septemba twende ng'ambo, Clarksville, Falls of the Ohio. Katika mto mzima, ni hapa palipokuwa na maporomoko ya mawe, vyombo vikashindwa kupita, mizigo ikashushwa na kupakiwa tena, na mji ukaota kando yake kuanzia 1778. Mfereji wa kuyakwepa ulifunguliwa 1830. Mawe yaliyobaki wazi yamejaa visukuku vya matumbawe vya miaka milioni 390 hivi, enzi ambazo sehemu hii ilikuwa bahari ya joto kusini mwa ikweta. Njoo kati ya Agosti na Oktoba, maji yakiwa chini. Ukija Machi utalipa maegesho uone maji ya matope. Viatu viwe vya kushika, mawe yanateleza. Kuokota hairuhusiwi hata kipande, na ni vyema uwakague watoto mifuko kabla hamjafika kwa mlinzi. Wa kwangu walikuwa wamebeba bahari nzima.

Wavuvi wamejaa pale na upande wetu pia, na ndiko Baba anakoishia sasa. Mtu wa Tanganyika akiona kambare wa ukubwa ule hawezi kukaa nyumbani. Kwa hiyo niseme ya uvuvi. Kentucky, kuanzia miaka 16 lazima uwe na leseni, hata kwa ndoano na mti; waliofikisha 65 wana ya bei nafuu. Askari wa wanyamapori hupita kweli, na faini ni kubwa kuliko leseni. Usiingie majini karibu na ukuta wa bwawa unaozuia mto, mkondo wake hauonekani juu. Na samaki wa Ohio wana maelekezo ya afya ya jimbo, kwa ajili ya zebaki na kemikali za viwandani: baadhi ya aina usile zaidi ya mara chache kwa mwezi au kwa mwaka, na wajawazito na watoto wadogo wawe waangalifu zaidi. Kambare mkubwa ndiye mwenye sumu nyingi, kwa kuwa amekula miaka mingi. Baba hilo lilimchukua muda kulikubali. Sasa wakubwa anapiga nao picha, anaituma Nyarugusu, anawarudisha mtoni. Wadogo tunakaanga, mara mojamoja.

Leseni yenyewe huanza Machi mosi na kuisha mwisho wa Februari. Ukiinunua Januari, unayo wiki chache tu, halafu unalipa tena.